Kumbukumbu ya pweza

Kumbukumbu ya pweza ni uwezo wa mnyama huyu wa kujifunza na kuhifadhi alichojifunza kwa kubadilisha nguvu za sinapsi, yaani maungano ambamo nyuroni moja huipasha nyingine habari. Katika pwani ya Mtwara, kuelekea Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, pweza wa miamba ni Octopus cyanea, aliyeenea kutoka Afrika Mashariki hadi Hawaii. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, wanawake kwa wanaume hupita juu ya mwamba wakitafuta matundu yake ili wamchokoe. Maganda ya kaa na makombe yaliyotupwa mlangoni humfichua mwenyeji. Sehemu kubwa ya mwambao huu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Pweza huyu huwinda mchana, huenda mbali na tundu lake kisha hulirudia. Kwa mnyama anayeishi takriban mwaka mmoja tu, hiyo ni elimu kubwa inayopatikana kwa haraka. Pweza ana nyuroni zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa mikononi, lakini kumbukumbu hutegemea hasa ndewe ya wima, yaani sehemu ya juu ya ubongo wake. Brian Boycott na J. Z. Young walilionyesha hilo katika miaka ya 1950 huko Napoli, Italia: pweza aliyeondolewa sehemu hiyo aliendelea kuogelea na kula, ila alishindwa kujifunza ipasavyo.

Kuimarika kwa sinapsi kwa muda mrefu kulijulikana kwanza kwa sungura. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo waliripoti kwamba msisimko mfupi wa kasi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, huacha sinapsi zikiwa na nguvu kwa saa nyingi. Kwa mamalia, binadamu akiwemo, mlango mkuu wa badiliko hili ni kipokezi cha NMDA, protini ya utando inayopokea glutamati, kemikali inayobeba ujumbe kati ya nyuroni. Nyuroni ikiwa imetulia, ioni ya magnesi huziba tundu la kipokezi hicho. Glutamati ikifika huku nyuroni pokezi ikiwa imesisimka vya kutosha, magnesi hutoka na kalisi huingia. Kalisi huamsha kimeng'enya CaMKII, na vipokezi vya AMPA, aina nyingine ya vipokezi vya glutamati, huongezeka kwenye utando, hivyo ujumbe uleule husikika kwa nguvu zaidi. Kumbukumbu inayodumu siku nyingi huhitaji zaidi ya hapo: jeni ziwashwe na protini mpya zitengenezwe. Eric Kandel alichunguza hatua hizo kwa konokono wa bahari Aplysia, na mwaka 2000 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Pweza anafika hapohapo kwa njia nyingine, na hili ndilo jambo la thamani kuliko yote katika mada hii. Benny Hochner na wenzake waliripoti mwaka 2003 kwamba sinapsi za ndewe ya wima huimarika kwa muda mrefu bila kutegemea kipokezi cha NMDA. Badiliko hukaa upande unaotuma ujumbe: glutamati nyingi zaidi huachiliwa. Kazi za baadaye zilionyesha kwamba oksidi ya nitriki, gesi inayopenya utando, husaidia kulidumisha. Mwaka 2008 kundi hilo lilisisimua sinapsi hizo hadi zisiweze kuimarika tena kabla ya mafunzo, na kumbukumbu ya muda mrefu ya pweza ikadhoofika. Babu wa pamoja wa pweza na binadamu aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kwa hiyo ubongo wenye kumbukumbu bora ulijengwa mara mbili, kila mara kwa molekuli zilizokuwa karibu.

Majaribio hayo yalifanywa kwa Octopus vulgaris wa Mediterania. Octopus cyanea alilinganishwa na jamaa zake mwaka 2022 na Wen-Sung Chung na wenzake wa Queensland, Australia, kwa picha za sumaku za ubongo. Ndewe yake ya wima ina mikunjo mingi kuliko ya pweza wawindao usiku, jambo linaloafikiana na maisha ya mchana katika matumbawe yenye mawindo na maadui wengi.