Taa ya Boda Kwenye Mteremko wa Kilungu

Jioni moja nilipanda boda pale Salama, kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, nikielekea Nunguni. Tulipokuwa tukipanda mambo yalikuwa sawa, injini inanguruma na taa inamulika. Tulipofika mteremko wa kwanza kijana akatoa gia, akaweka fri ili aokoe mafuta. Papo hapo mwanga ukageuka rangi ya strungi. Kila kona ilipokaribia alipiga resi mara mbili tatu, taa ikawaka, tukaona ukingo wa barabara, kisha giza likarudi. Ukungu wa milima ya Kilungu nao ulikuwa umeshaanza kushuka. Nilishikilia kiti kwa mikono yote miwili na kujiuliza ni nani aliyebuni taa inayozimika hasa pale mtu anapoihitaji.

Jibu lake ni refu, na halianzi na Wachina kama wengi wanavyodhani.

Pikipiki za kwanza zilipata mwanga wake kutoka kwa kabaidi, na mkazi wa huku Makueni anaifahamu kabaidi hata kama hajawahi kuona taa yake. Ni yale mawe ya kijivu yenye harufu ya kitunguu saumu ambayo wafanyabiashara wakorofi huivishia maembe, na ambayo mafundi wa jua kali huyatumia kupata gesi ya kuchomelea vyuma. Njia ya kuyatengeneza kwa wingi iligunduliwa mwaka 1892, na miaka michache baadaye taa zake zilikuwa zimefungwa kwenye baiskeli, magari na pikipiki. Chombo cha juu kilikuwa na maji, cha chini kilikuwa na kabaidi. Ulifungua kijifereji, maji yakadondoka tone baada ya tone, gesi ya asetilini ikapanda kwenye bomba, ukaiwasha kwa kiberiti. Mwanga wake ulikuwa mweupe na mkali kuliko wa mafuta ya taa. Ukitaka mwanga zaidi, uliongeza matone. Ukifika nyumbani ulikwangua uji mweupe wa chokaa uliobaki ndani, la sivyo kesho taa haiwaki.

Taa ile haikujali injini inazunguka kwa kasi gani. Ungeweza kuteremka mlima mzima injini ikiwa imezimwa, na bado ukaona njia. Umeme ndio ulioleta shida hii ya mteremko.

Katika miaka ya 1920 na 1930 dinamo iliisukuma kabaidi kando. Kampuni ya Lucas ya Birmingham iliuzia viwanda vya Uingereza vifaa vya umeme kwa wingi, na waendeshaji wakalipiza kwa kumbandika Joseph Lucas jina la utani la Mkuu wa Giza. Sehemu ya kosa ilikuwa ya hesabu tu. Mifumo ya wakati ule ilikuwa ya volti 6. Taa ya wati 36 kwa volti 6 inavuta ampea 6; kwa volti 12 inavuta 3. Ampea zikiwa mara mbili, umeme unaopotea ndani ya waya uleule huwa mara nne. Ongeza kutu kidogo kwenye kiungio, na taa inakuwa kama kijinga cha moto kinachokaribia kuzima.

Balbu ya waya nayo haina subira. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Hiki ndicho kiini cha habari yote, na ukikishika utaelewa kwa nini fundi mmoja anakuuzia balbu tatu na mwingine anakusafishia waya mmoja.

Wajapani walipoingia sokoni, Honda ikaitoa Super Cub mwaka 1958 na CG125 mwaka 1976. Hii ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na haionyeshwi fundi mpaka igome. Wachina waliinakili kwa miaka na mikaka. Ili bei isipande, pikipiki nyingi za aina hiyo zililisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini bila kupitia betri. Betri ikabaki na kazi ya honi na indiketa. Injini ikizunguka polepole, koili zinatoa umeme kidogo. Mteremko, gia ya fri, taa ya strungi: ndivyo hivyo.

Mashinani hapa Kenya, kwa muda mrefu pikipiki ilikuwa kitu cha padri, afisa wa kilimo na afisa wa afya, na wengi wao walikuwa nyumbani kabla ya saa moja usiku. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250 cc, na mambo yakabadilika kabisa. Pikipiki zilizosajiliwa nchini mwaka 2005 hazikufika 5,000. Mwaka 2010 pekee zilipita 100,000. Boda, lililoanza kama jina la baiskeli za kuvukisha watu mpakani Busia, likafika kila kilima cha Ukambani. Na mtu wa boda hachagui saa. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, ni steji inayopigiwa simu.

Hapo ndipo biashara ya taa ilipochangamka. Balbu ya kawaida ya pikipiki hizi ni ya wati 35. Vijana wakaanza kufunga H4 ya gari, aina iliyotoka mwaka 1971, yenye wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Koili na waya zake hazikuundwa kwa mzigo huo. Taa ikawaka vizuri wiki moja, kisha waya zikalainika, swichi ikayeyuka, na ile riflekta ya plastiki ikaungua na kuingia weusi.

Ifungue taa ambayo imekula vumbi la murramu kwa miaka kadhaa. Plastiki ya mbele imekwaruzwa mpaka ina utando kama jicho la mzee. Balbu, kama si ya halojeni, ina kivuli cheusi kwa ndani, maana tungsteni ya ule waya imegeuka mvuke kidogo kidogo na kuganda kwenye kioo. Waya wa erthi, pale ulipofungwa kwenye chasi, umevaa kutu ya kijani. Kipande cha msasa hapo, na kwa pikipiki ambayo taa yake hulishwa na betri, waya mnene kutoka kwenye betri kupitia rilei, vinaweza kurudisha mwanga ambao mwenye pikipiki alidhani lazima aununue.

LED imebadilisha hesabu. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kubuni LED ya bluu, ambayo ndiyo iliyowezesha mwanga mweupe wa aina hiyo. Inakula umeme kidogo, na ikiwa na kidhibiti kizuri haiyumbi volti zikishuka. Ila ukiifunga kwenye umeme wa koili bila kuubadilisha kwanza, inapepesa kama kibatari kwenye upepo. Na zile spoti nyeupe zenye ubluu zinazofungwa kwenye usukani ni adui wa watu wa Nunguni wenyewe: ukungu unarudisha mwanga wake machoni mwa aliyezifunga, na anayekuja mbele haoni chochote. Mimi ningezing'oa zote.

Kuna pia suala la kuonekana, ambalo ni tofauti na kuona. Utafiti wa Harry Hurt kule Los Angeles, uliotoka mwaka 1981, ulionyesha kuwa madereva wa magari mara nyingi hawakuiona pikipiki kabla ya kuigonga. Malaysia iliamuru taa ziwashwe mchana mwaka 1992. India ikataka pikipiki mpya, kuanzia Aprili 2017, ziwe na taa inayowaka yenyewe injini ikiwashwa. Kenya ilielekea kwenye nguo: marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2012 yalitaka helmeti na jaketi lenye riflekta. Wachunguzi wa New Zealand walikuwa wameshaona mwaka 2004 kwamba waliovaa nguo za kung'aa au za riflekta walikuwa na hatari ya kuumia ajalini iliyo pungufu kwa asilimia 37. Jaketi halihitaji koili wala betri, lakini likishapauka kwa jua na tope, linabaki kuwa koti tu.

Siku hizi nikipanda boda usiku huangalia kwanza taa inapiga wapi ukutani, tukiwa wawili na mzigo nyuma. Uzito unakalisha spring za nyuma na kuinua mwanga, ukapanda juu ya miti. Kwa kawaida skrubu ya kuurekebisha iko chini ya taa, na bisibisi moja inatosha.