Barometa Mkononi

Vijana wa Marangu wanaoanza kazi ya kuongoza wageni hupenda kuniuliza: "Mzee, ninunue saa gani?" Wanakuja na picha kwenye simu. Hii inapima mapigo ya moyo, hii usingizi, hii inakuambia umechoka, kana kwamba aliyefika Kibo anahitaji kuambiwa. Nami huwauliza kama ina barometa, na kama mwenye saa anaweza kuirekebisha kwa mkono wake. Hapo wengi hunyamaza. Hawajui kuwa kinachowahesabia mita wanapopanda ni kifaa cha kale kuliko injini ya mvuke, na kwamba mlima wetu, Kilimanjaro, kilishaupanda tangu enzi za Wajerumani.

Kilianza na zebaki. Mwaka 1643 Mwitalia Evangelista Torricelli alionyesha, kwa mrija wa kioo uliojazwa zebaki, kwamba hewa ina uzito. Miaka mitano baadaye, tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji yake mwanasayansi Blaise Pascal, alipanda Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mrija kama huo. Zebaki ikashuka karibu sentimita 8. Mrija wa pili alikuwa ameuacha bondeni, mtawa mmoja akiutazama kutwa nzima, nao haukutikisika. Huyo mtawa namwona kuwa nusu ya jaribio lenyewe: bila yeye, nani angejua kama zebaki imeshushwa na mlima au na hali ya hewa?

Mrija wa kioo si mzigo wa kumpa mpagazi. Aliyetuokoa ni Mfaransa Lucien Vidie, ambaye mwaka 1844 alitengeneza aneroidi: kikopo chembamba cha chuma kilichoondolewa hewa, kinachobonyea na kutuna kadiri mgandamizo wa nje unavyobadilika, kikisukuma mshale. Aneroidi ndizo alizokuja nazo Mjerumani Hans Meyer. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, huku Mwini Amani wa Pangani akiwangoja kambini juu kwenye baridi, jambo ambalo vitabu hulipitia haraka mno. Ramani za Wajerumani zikaandika mita 6,010. Mwaka 1952 Waingereza walipima upya wakapata 5,895. Vipimo vya setilaiti vikaleta 5,892 mwaka 1999 na 5,891 mwaka 2008. Kibao cha kilele cha Uhuru bado kinasema 5,895, na wageni wanapigia picha hapo hapo.

Kikopo cha Vidie kilihamia kwenye mkono wa mtu pale kilipogeuzwa kuwa kihisio kidogo cha elektroniki. Saa ninayoikumbuka zaidi ni Vector ya Suunto, kampuni ya Kifini iliyoanzishwa mwaka 1936 kutengeneza dira. Vector ilitoka mwaka 1998: nene, pana, plastiki tupu, lakini ndani ina saa, dira, barometa na kipimo cha mwinuko. Betri ikiisha unafungua kifuniko cha nyuma kwa sarafu, unaweka nyingine, unaendelea na safari.

Uzuri wake ni kwamba ilikulazimisha kufikiri. Ukitembea unaiweka kwenye mwinuko, ukilala unaiweka kwenye barometa, kwa sababu kihisio hakijui kama mgandamizo umepungua kwa sababu umepanda au kwa sababu hali ya hewa inabadilika. Huku kwetu karibu na ikweta kuna jambo jingine. Iache saa ya namna hiyo mezani Moshi mjini. Saa nne asubuhi mgandamizo uko juu, saa kumi jioni umeshuka, na meza itaonekana imepanda mita ishirini au thelathini. Usiku mchezo ni ule ule: saa nne juu, saa kumi alfajiri chini. Mwanasayansi Alexander von Humboldt aliliona hilo Amerika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 19, akasema barometa ya nchi za joto ingeweza kutumika kujua saa. Kijana asiyelijua hilo ataona tarakimu zimepanda jioni, aanze kuwatisha wageni kwa dhoruba isiyokuwapo.

Isitoshe, saa hizi zimepangiwa hewa baridi kuliko yetu. Ukiiweka saa sawa kwenye geti la hifadhi usiiguse tena, kileleni inaweza kupungukiwa mita mia na zaidi. Ndiyo maana kila kibao cha kambi ni cha kusimama: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Bonyeza, rekebisha, endelea.

GPS haikuiondoa barometa. Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti kwa watumiaji wa kiraia, na miaka michache baadaye zikaja saa za GPS za wakimbiaji. GPS inakuonyesha vizuri ulipo, lakini kwa urefu wa kwenda juu hukosea zaidi. Mapigo ya moyo nayo yana historia yake, tangu Polar ya Ufini ilipotoa kipimo kisicho na waya mwaka 1982, kwa mkanda wa kifuani. Taa za kijani za siku hizi chini ya saa hubabaika usiku wa kilele, kwani damu hukimbia ngozi yenye baridi. Kwa oksijeni ya damu, amini kile kifaa cha kubana kidole kilicho kwenye mkoba wa kiongozi.

Wageni wakishuka hutuachia saa kama zawadi, na nyingi ni nzuri. Zinaishia kwenye droo mara waya wake wa chaji unapopotea, maana kila kampuni ina waya wake, na kuupata Moshi ni kazi. Kwa hiyo anayetoa fedha yake mwenyewe namwambia achague yenye barometa ya kurekebishwa, vitufe vinavyobonyezeka ukiwa na glavu, na chaji ya kumaliza siku sita za mlimani, kisha anunue waya wa pili siku hiyo hiyo.