Mwani na bakteria katika usafishaji wa majitaka yenye dawa

Usafishaji huu ni njia ya kupunguza mabaki ya dawa katika majitaka ya viwanda, hospitali na majumbani kwa kukuza mwani wa hadubini pamoja na bakteria ndani ya bwawa la kina kifupi linalopigwa na jua. Mwani unaotumika sana ni wa jenasi Chlorella na Scenedesmus. Mchana mwani hutoa oksijeni. Bakteria huitumia kuvunja uchafu, kisha huurudishia mwani kaboni dioksidi. William Oswald na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliueleza ushirika huu katika miaka ya 1950, wakilenga majitaka ya kawaida.

Dawa nyingine huliwa na bakteria, nyingine hunata kwenye seli za mwani, nyingine huvunjwa na mwanga wenyewe. Parasetamoli na ibuprofeni hazisumbui kuondoa. Siprofloksasini haistahimili jua. Karbamazepini, dawa ya kifafa, hutoka karibu kama ilivyoingia, na anayeisifu njia hii hana budi kulisema hilo.

Mabwawa ya Dandora, yaliyoko Ruai, Nairobi, hutegemea ushirika huohuo, ingawa yalijengwa kwa ajili ya kinyesi na vimelea. Uchunguzi wa maji ya Nairobi na Kisumu uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta antibiotiki na dawa za VVU katika majitaka na mitoni. Jambo hili si dogo: antibiotiki inayotiririka kidogo kidogo huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu, na atakayekosa tiba ni mgonjwa wa kesho. Ndiyo maana ni heri maji ya hospitali au kiwanda yasafishwe palepale yanapotoka, kabla hayajachanganyika na ya mji mzima.

Msumbiji ina kiwanda cha dawa za VVU huko Matola, kilichozinduliwa mwaka 2012 kwa ushirikiano na Brazili. Lakini Olumbi, wilayani Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, iko mbali nacho sana. Kwa hiyo katika vijiji vya pwani kama hiyo mabaki hayatoki kiwandani bali kwa wagonjwa wenyewe, na la kuangaliwa kwanza ni kisima kilichochimbwa karibu na choo. Jua lipo mwaka mzima, na bwawa halihitaji mashine ya kupuliza hewa, lakini pasipo mfereji wa kuyakusanya maji halina kazi.

Kazi ngumu zaidi ni kuvuna mwani. Seli za mwani ni ndogo mno na huelea. Bakteria huzishikamanisha ziwe mabonge yanayozama. Mabonge hayo yamebeba sehemu ya dawa, hivyo hayafai kutiwa shambani wala kulishwa samaki kabla ya kupimwa.