Mbata, Magadi na Kostiki: Historia ya Sabuni ya Kufulia Inayopikwa Nyumbani

Utengenezaji wa sabuni ya kufulia nyumbani, ambao siku hizi hufundishwa katika vikundi vya akina mama na vijana kama njia ya kubana matumizi, una historia ndefu katika Afrika Mashariki, na historia hiyo hupotoshwa inapoelezwa kana kwamba ni habari ya umaskini peke yake. Sabuni huhitaji vitu viwili vya msingi, yaani mafuta na alkali, ambalo ni jina la jumla la vitu kama maji ya majivu, magadi na kostiki soda, vyenye tabia ya kupingana na asidi. Eneo hili halikupata kuwa maskini wa mafuta, kwa kuwa pwani ilikuwa na minazi na ufuta, kandokando ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na michikichi, na bara lilikuwa na ng'ombe na karanga. Alkali kali ndiyo iliyokuwa adimu, na aliyekuwa nayo ndiye aliyeamua, kizazi baada ya kizazi, kama kaya ingepika sabuni yake au ingeinunua.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kueleza kwanza kinachotokea ndani ya sufuria. Mafuta yanapokutana na alkali kali huvunjika, na sehemu zake zinazoitwa asidi za mafuta huungana na alkali hiyo kuwa sabuni, huku glisirini ikibaki pembeni; badiliko hilo huitwa usabunishaji, na lilielezwa kisayansi na Mfaransa Michel Eugène Chevreul katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Kila aina ya mafuta ina kipimo chake: kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180 za kostiki soda, ilhali kilo 1 ya mawese huhitaji gramu 140 hivi, na anayekosea kipimo hupata ama sabuni yenye mafuta yasiyogeuka au sabuni inayochubua mikono ya mfuaji. Maji yaliyochujwa katika majivu, hasa majivu ya maganda ya ndizi, yana alkali ya potasiamu na hutoa sabuni laini isiyoganda vizuri. Magadi, kwa upande wake, ni mchanganyiko wa asili wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na ingawa hulainisha maji na kulegeza uchafu, hayana ukali wa kuyavunja mafuta mabichi yawe sabuni. Yakichemshwa pamoja na chokaa, hata hivyo, magadi hugeuka kostiki.

Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika historia ya pwani, kwa sababu chokaa ilichomwa huko kwa karne nyingi kutokana na matumbawe, katika matanuri ya magogo ya mikoko na miti mingine, na ndiyo iliyojenga misikiti na nyumba za mawe kutoka Lamu hadi Kilwa. Magadi nayo yalifika sokoni kutoka mabonde ya bara, yakatumika kulainisha maharage na kande na kutia ukali ugoro. Kwa hiyo nazi, chokaa na magadi vyote vilipatikana katika mzunguko mmoja wa biashara, na bado pwani haikujenga kiwanda kikubwa cha sabuni katika karne ya 19. Sababu yake inapatikana katika mpango wa biashara wa wakati huo, wala si katika ujinga wa watu wa pwani.

Mwaka 1844 Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na katika miaka iliyofuata makampuni ya Marseille yaliweka mawakala wake Unguja ili kununua ufuta na mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta. Marseille ulikuwa mji mkuu wa sabuni wa Ulaya ya kusini, na amri ya mwaka 1688 iliyotolewa chini ya mfalme Louis XIV iliwalazimisha mafundi wake kutumia mafuta ya zeituni peke yake. Lakini katika karne ya 19, viwanda vilipopanuka, mafuta ya ufuta, karanga na nazi yaliingia kwa wingi katika masufuria hayo. Kilichowawezesha Wafaransa kupika kwa wingi kiasi hicho kilikuwa alkali ya bei nafuu, kwa kuwa Nicolas Leblanc alipata mwaka 1791 hataza ya njia ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, na kuanzia miaka ya 1860 njia bora zaidi ya Mbelgiji Ernest Solvay ikaanza kuchukua nafasi yake. Mafuta ya Lamu na Unguja yalivuka bahari kuifuata alkali hiyo, na sabuni iliyokamilika ikarudi katika maduka ya mji kwa bei iliyobeba nauli ya safari mbili. Huo ni mpango ambao mwandishi yeyote wa historia ya uchumi wa pwani anapaswa kuuita kwa jina lake, yaani hasara, kwani aliyepanda mnazi aliuza rahisi na kununua ghali kitu kilichotoka katika nazi ileile.

Mpango huo ulikatika kwa ghafla katika Vita Kuu ya Kwanza, na kukatika kwake kulionyesha kilichowezekana. Wajerumani walikuwa wameanzisha mwaka 1902, huko Amani katika milima ya Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo iliyokuwa na bustani kubwa ya mimea ya nchi za joto. Vita vilipofika mwaka 1914 na manowari za Waingereza zikaziba njia ya bahari, taasisi hiyo iligeuzwa kuwa kiwanda cha dharura, ikatoa vidonge vya kwinini, chokoleti, unga wa kusafishia meno, pombe kali na maelfu ya vipande vya sabuni, karibu vyote vikitokana na mazao ya koloni lenyewe. Koloni ambalo kwa miaka mingi lilikuwa soko la bidhaa za Ulaya lilijisabunisha lenyewe kwa muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, hadi majeshi ya Uingereza yalipoiteka sehemu hiyo mwaka 1916. Baada ya vita utawala mpya wa Waingereza haukuwa na haja ya kuendeleza kazi hiyo, kwa kuwa sabuni za miche za viwanda vya Uingereza, zikiongozwa na Sunlight ya Lever Brothers iliyoanza kuuzwa miaka ya 1880, zilikuwa tayari kujaza maduka.

Wakati huohuo alkali yenyewe ilikuwa imegunduliwa kuwa mali. Katika Ziwa Magadi, lililo kwenye Bonde la Ufa kusini mwa Kenya katika nchi ya Wamaasai, tabaka nene la magadi hujitengeneza upya kadiri chemchemi za moto zinavyoleta maji ya chumvichumvi na jua kuyakausha. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na tawi la reli likajengwa kutoka Konza ili mzigo ufike Mombasa. Sehemu kubwa ya soda hiyo ilisafirishwa nje ya nchi, ambako viwanda vya kioo vilikuwa wateja wake wakubwa, ilhali kaya za Afrika Mashariki ziliendelea kununua magadi ghafi sokoni kwa vipimo vya vikopo. Mama wa nyumbani aliyeyatia magadi hayo katika beseni la nguo alijua vyema alichokuwa akifanya, hata bila maabara. Maji ya visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe ni maji magumu, maana yake yamejaa kalisi, na sabuni inapokutana na kalisi huganda kuwa utando mweupe unaong'ang'ania nguo na kuipoteza sabuni bure. Magadi huikamata kalisi kwanza, na hivyo kipande kidogo cha sabuni hufua nguo nyingi zaidi. Katika historia yote ya kubana matumizi ya ufuaji, hiyo ndiyo mbinu iliyookoa fedha nyingi kwa gharama ndogo, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Kipindi kilichoifanya sabuni ya nyumbani kuwa suala la taifa zima kilikuja baadaye. Nchini Uganda, baada ya Idi Amin kuwafukuza watu wenye asili ya Asia mwaka 1972, viwanda vingi vya sukari, mafuta na sabuni vilizorota, na watu wakaanza kufulia majani ya mpapai. Tanzania ilifikia hali kama hiyo kwa njia nyingine: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ya petroli ikapanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni, na viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini uhaba ulidumu kwa miaka. Sabuni, sukari, unga, mafuta ya kupikia na khanga viligawiwa kupitia makampuni ya biashara ya mikoa, yaliyojulikana na kila mtu kwa jina la RTC, na kupitia maduka ya ushirika, ambako foleni ilianza kabla bidhaa haijafika na mara nyingi bidhaa iliisha kabla ya foleni. Mche mmoja wa sabuni ukawa kitu cha kufichwa, kukatwa vipande na kuuzwa kwa ulanguzi, na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983 iliwakuta baadhi ya wafanyabiashara wameficha hata bidhaa ndogo za namna hiyo.

Katika miaka hiyo watu wengi wa mijini hawakupika sabuni kwa maana kamili ya neno hilo, kwa sababu mafuta ya kupikia yenyewe hayakuwapo na kostiki ilihitaji fedha za kigeni kama bidhaa nyingine. Walirudi kwenye kile kisichopita bandarini: majani mabichi ya mpapai yaliyofikichwa ndani ya maji, na maji ya majivu yaliyotuama na kuchujwa. Njia hizo zimedharauliwa katika masimulizi ya baadaye, na kudharauliwa huko si haki. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kiitwacho papaini, yaani kichocheo cha asili kinachovunja protini, na madoa ya jasho, damu na maziwa yana protini ndani yake. Mkemia Mjerumani Otto Röhm alipata mwaka 1913 hataza ya kutumia vimeng'enya vya kongosho katika kufulia, na sabuni nyingi za unga za leo hutangazwa kwa nguvu ya vimeng'enya vya jamii hiyo. Waliofikicha majani uani walitumia kanuni ileile, wakiwa na mapungufu ya wazi: majani hayakuyatoa madoa ya grisi, na vitambaa vyeupe havikurudia weupe wake.

Mikoa iliyokuwa na mafuta yake na njia yoyote ya kupata kostiki ilijimudu zaidi, na mfano bora ni Kigoma, ambako mawese ni zao la kaya na ambako sabuni ya mawese imebaki kuwa kazi ya mikono na ya vikundi vya uzalishaji hadi leo. Sabuni ya nazi ya pwani ina sifa nyingine, nayo ni kutoa povu hata katika maji ya chumvi, sifa ambayo mabaharia waliithamini kwa karne nzima na ambayo ingefaa vijiji vingi vya visiwani kama nazi isingekuwa na kazi tamu zaidi jikoni.

Milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwishoni mwa 1985, sabuni ilirudi madukani, na pamoja nayo sabuni za unga za aina mpya, ambazo kwa ufafanuzi wa kemia si sabuni bali ni visafishaji vilivyoundwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, visivyogandishwa na maji magumu. Utengenezaji wa nyumbani ukabadilika ukavifuata. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, na wakufunzi wengi wa binafsi walifundisha sabuni ya maji inayotokana na asidi ya salfoniki, kimiminika kizito cha kahawia kinachopozwa kwa soda ya unga, kikaongezewa povu kwa kile ambacho wauzaji wa Kariakoo hukiita slesi, kisha kikafanywa kizito kwa chumvi ya mezani, ambayo ikizidi huifanya sabuni iwe maji tena. Kazi hii ni kuchanganya, si kupika, na malighafi zake karibu zote hutoka nje ya nchi.

Hapo ndipo hesabu ya kuokoa fedha inapohitaji ukweli. Anayenunua salfoniki na slesi rejareja kwa ajili ya nyumba moja huokoa kidogo, kwani hulipia faida ya kila mkono uliopitisha chupa, na hulipia pia makosa yake ya mwanzo. Kikundi kinachonunua pipa zima huokoa kwa kiasi cha kuonekana, na kaya yenye michikichi au minazi yake huokoa zaidi ya wote, kwa sababu hununua kostiki tu. Visiwani Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilishika mizizi tangu mwaka 1989 kwa kazi ya wanawake wa Paje na vijiji jirani, sabuni ya mwani imewapatia wengi wao kipato, ingawa hiyo ni sabuni ya kuogea inayouzwa kwa wageni, nayo imekwisha kutoka katika beseni la kufulia.

Kostiki, iliyozitegemeza kaya zinazopika sabuni, imezidhuru pia. Ikichanganywa lazima imwagwe kidogokidogo ndani ya maji, kamwe si maji kumwagwa juu yake, maana huchemka na kuruka. Nayo inapowekwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, mtoto anayeinywa huungua umio na huweza kubaki na jeraha la maisha. Kila nyumba inayotengeneza sabuni yake na iiweke kostiki katika chombo chenye mfuniko mgumu, kilichoandikwa jina lake kwa herufi kubwa, na mahali pasipofikiwa na mtoto.