Nyumba ya Wanafunzi ya Lisbon na Mapambano ya Utamaduni

Tunapoeleza historia ya ukombozi wa nchi za kusini mwa Afrika, aghalabu tunataja kambi za wapiganaji, mipaka iliyovukwa usiku na mikutano ya viongozi. Ni nadra kutaja jiko, meza ya chakula na vyumba walimoishi vijana waliokwenda kusoma ng'ambo. Katika insha hii tunakusudia kueleza makazi ya wanafunzi wa Kiafrika nchini Ureno kati ya mwaka 1944 na 1965, kwa kuwa humo ndimo vijana wa makoloni mbalimbali walimotambua kwamba utamaduni walioambiwa hawanao walikuwa nao, na kwamba kuutetea kungewagombanisha na dola iliyowasomesha.

Hadi mwaka 1962 hapakuwa na elimu ya chuo kikuu Angola wala Msumbiji. Aliyetaka shahada hakuwa na budi kusafiri hadi Lisbon, Coimbra au Porto. Wengi waliopata nafasi hiyo walikuwa watoto wa walowezi. Waafrika walikuwa wachache mno. Sheria za Ureno zilimhesabu Mwafrika kuwa raia pale tu alipothibitisha kwamba ameacha mila zake na kuishi kama Mreno. Mtu huyo aliitwa assimilado, yaani aliyefananishwa. Kwa hiyo kijana aliyefika Lisbon alikwisha kupita katika chujio. Aliijua mito ya Ureno na wafalme wake kabla ya kufundishwa lolote juu ya mito na watawala wa kwao.

Mwaka 1944, kwa idhini na msaada wa serikali ya Salazar, vyama vya wanafunzi wa kila koloni viliunganishwa kuwa chama kimoja chenye makao yake Lisbon na matawi Coimbra na Porto. Kiliitwa Casa dos Estudantes do Império, maana yake Nyumba ya Wanafunzi wa Himaya. Shabaha ya watawala ilikuwa kuwalea vijana hao katika moyo wa himaya na kuwaweka mahali pamoja ambapo ni rahisi kuwaangalia. Nyumba hiyo ilikuwa na kantini, maktaba na huduma ya matibabu, tena iliandaa michezo na dansi. Wengi walipanga vyumba mjini, lakini walikuja hapo kula, kusoma na kuonana.

Coimbra ilikuwa na desturi yake ya zamani. Huko wanafunzi hupanga nyumba nzima kwa pamoja, hugawana gharama, na mambo ya nyumba huamuliwa katika kikao cha wakazi wote. Nyumba za namna hiyo huitwa repúblicas, na kila moja ina jina lake. Wanafunzi wa Angola waliita yao Kimbo dos Sobas. Kimbo ni kijiji, na soba ni mtemi, kwa maneno yaliyotoka katika lugha za Angola. Kijana aliyetakiwa kuisahau lugha ya nyumbani aliliandika neno lake juu ya mlango, katikati ya mji wa chuo kikuu cha Wareno.

Hapana budi tujiulize: kula na kukaa pamoja kuliwafundisha nini vijana hawa? Kila mmoja alikuja na habari za kwao. Wa Cape Verde alijua njaa iliyoua maelfu ya watu visiwani katika miaka ya 1940. Wa Msumbiji alijua wakulima waliolazimishwa kulima pamba. Wa Sao Tome aliyajua mashamba ya kakao, na wa Angola aliwajua watu waliochukuliwa kwa mkataba kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo hayo. Kila habari, ikisimuliwa peke yake, ilionekana kuwa msiba wa nchi moja. Zilipokutana katika meza moja, zilionekana kuwa viungo vya mwili mmoja. Watawala walikusanya wanafunzi ili himaya iwe moja. Wanafunzi wakatambua kwamba dhuluma ndiyo iliyokuwa moja.

Miongoni mwa vijana waliopita katika mazingira hayo alikuwamo Amílcar Cabral, aliyefika mwaka 1945 kusomea kilimo, na Agostinho Neto, aliyefika mwaka 1947 kusomea udaktari. Mário Pinto de Andrade alifika mwaka 1948, na Eduardo Mondlane alisoma Lisbon kuanzia mwaka 1950 hadi aliposumbuliwa na polisi, akaondoka kwenda Marekani. Mwaka 1948 Nyumba ilianza kutoa jarida lake, Mensagem, yaani Ujumbe. Mwaka 1951 baadhi ya vijana hao walianzisha Kituo cha Masomo ya Afrika. Walikutana katika makazi ya familia moja ya Sao Tome mjini Lisbon, wakafundishana wenyewe jiografia, historia na lugha za Afrika ambazo chuo kikuu hakikuwafundisha. Mwaka 1953 Andrade na Francisco José Tenreiro walitoa mkusanyiko wa mashairi ya Waafrika walioandika kwa Kireno.

Serikali haikulala. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1957 uongozi uliochaguliwa na wanafunzi uliondolewa, Nyumba ikawekwa chini ya kamati ya serikali. Neto alifungwa zaidi ya mara moja. Vita vya ukombozi vilipoanza Angola mwaka 1961, makumi ya wanafunzi walitoroka Ureno kwa siri mwezi Juni, wakapitia Hispania hadi Ufaransa. Miongoni mwao walikuwa Joaquim Chissano na Pascoal Mocumbi wa Msumbiji, na Pedro Pires wa Cape Verde. Mwaka 1965 polisi wa siri waliifunga Nyumba. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno vilifanya mkutano wao wa pili wa pamoja Dar es Salaam, na Cabral alihutubia. Mazungumzo yaliyofungiwa mlango Lisbon yaliendelea kwetu.

Hata hivyo tusiitukuze Nyumba ile kupita kiasi. Waliokaa humo walikuwa wachache, na mashairi yao yaliandikwa kwa lugha ambayo wazazi wao wengi hawakuisoma. Umoja wa mezani ulikuwa mwanzo tu. Iliwapasa kurudi na kujifunza kwa wakulima. Cabral alifanya hivyo mwaka 1953, alipozunguka Guinea akihesabu mashamba. Chissano alijifunza Kiswahili katika miaka ya mapambano aliyoishi Tanzania, na mwaka 2004, akiwa Rais wa Msumbiji, alihutubia kwa lugha hiyo wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika huko Addis Ababa. Lugha hiyo hakufundishwa Lisbon.

Fundisho letu ni hili. Utamaduni wa mtu aliye ugenini hautunzwi kwa kujifungia na wa kwao peke yao, wala kwa kujifananisha na wenyeji. Hustawi pale wageni wa nchi mbalimbali wanapokaa pamoja, wakaulizana habari za makwao na kutafuta majibu kwa juhudi zao. Mwalimu mwenye bweni la wanafunzi wa mikoa mingi anayo nafasi hiyo kila jioni.