Kazi Inayongoja Mtandao: Kasulu na Kibondo tangu Simu ya Upepo hadi Skripti

Wasimamizi wa kompyuta wanao utaratibu wa kuiagiza mashine itekeleze skripti, yaani faili fupi la maandishi lenye amri zinazofuatana, kila mara hali ya mtandao inapobadilika: unapopatikana, unapokatika au unapohamia njia nyingine. Katika miji ambayo mtandao haukatiki kwa urahisi, utaratibu huo huhesabiwa kuwa pambo tu. Lakini katika nyanda za juu za Kigoma, hususan Kasulu na Kibondo, mawasiliano kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita yalikuwa jambo la kuja na kuondoka, na watu wa huko walikwisha kuzoea kupanga kazi kwa kungoja ujio huo muda mrefu kabla mashine hazijafundishwa kufanya hivyo.

Chanzo chake kimo katika ramani. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914 ikiwa imepita kusini mwa Buha, yaani nchi ya Waha, na waya za simu zikafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo Kasulu, ulio kilomita zipatazo 90 kutoka mji wa Kigoma, na Kibondo, ulio mbali zaidi kuelekea kaskazini, ilibaki ikitegemea matarishi na baadaye magari. Utawala wa Waingereza haukubadili mengi, kwani uliitazama Buha kuwa ghala la vibarua, na maelfu ya Waha wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, huku barua na fedha zao zikirudi nyumbani kwa mwendo uleule wa reli na miguu.

Chombo cha kwanza kilichoruka umbali huo bila waya wala barabara kilikuwa simu ya upepo, yaani redio ya kupokea na kurusha sauti, iliyotumiwa na polisi, ofisi za serikali na hospitali za misheni. Matumizi yake yalipanuka sana kwa sababu ya msiba wa majirani. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa wingi, na katika miaka iliyofuata zikafunguliwa kambi kama Mtabila upande wa Kasulu, na Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo. Mashirika ya misaada yalikuja na redio za mawimbi mafupi, ambazo mawimbi yake hupanda hadi ionosfia, tabaka la angahewa lenye chembe za umeme, na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbele. Tabaka hilo hubadilika kwa mwanga wa jua, hivyo masafa yanayosikika vizuri mchana huweza kufa kabisa usiku, na ndiyo maana kila kituo kilikuwa na saa zake za kuitana na masafa yake ya akiba. Opereta alikusanya ujumbe, akaupanga kwa uzito wake, akangoja saa ifike na sauti ya upande wa pili ijibu, kisha akausoma wote mfululizo kabla njia haijafifia. Ni haki kusema kwamba opereta huyo alifanya kwa sikio na kalamu kila kitu ambacho skripti ya leo hufanya: alitambua badiliko la njia, akaipima kama inafaa, akaitoa foleni, akaandika kilichopita na kilichobaki.

Wakati huohuo, mahali pengine, mashine zilikuwa zikifundishwa subira ya namna hiyo. FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings nchini Marekani mwaka 1984, uliziunganisha kompyuta kwa simu ya kawaida, moja ikiipigia nyingine, mara nyingi usiku gharama ziliposhuka, zikabadilishana mafurushi ya ujumbe na kukata simu. Teknolojia hiyo ilifaa sana Afrika Mashariki, ambako laini za simu zilikuwa chache na mbovu. Ilipata makao Nairobi kwa mashirika yasiyo ya kiserikali na kwa vyuo vikuu vya kanda. Laini za kupiga zilipoanza kubeba intaneti yenyewe, programu ya pppd, inayosimamia kiungo cha modemu katika mifumo ya jamii ya Unix, ilikuja na faili mbili zenye majina manyofu, ip-up na ip-down: ya kwanza hutekelezwa kiungo kinapokamilika, ya pili kinapokatika. Wasimamizi wengi waliandika ndani ya ip-up amri moja ya kuifungua foleni ya barua pepe zilizokwama, na nyingine ya kuvuta zilizongoja upande wa pili. Hapo ndipo ulipozaliwa, kwa umbo linalotambulika hadi leo, utaratibu wa kuendesha skripti kwa sababu ya mtandao tu, bila mtu kubonyeza chochote.

Kwa wakazi wa kawaida wa Kasulu na Kibondo, hata hivyo, utaratibu huo haukuingia kwa kompyuta. Uliingia kwa simu ya mkononi, na wengi waliutumia bila kujua kwamba upo. Kampuni za simu zilipokuwa zikisambaza minara katika muongo wa kwanza wa karne hii, mabonde mengi yalibaki gizani, na mwenye simu alilazimika kupanda kilimani kutafuta mtandao. Akifika, ujumbe wa siku mbili humiminika kwa mkupuo. Mmiminiko huo una sababu yake. Ujumbe usiomfikia mwenyewe huhifadhiwa katika kituo cha ujumbe cha kampuni, na daftari kuu la wateja huwekewa alama kwamba namba hiyo ina ujumbe unaoingoja. Simu inapojisajili tena kwenye mnara wowote, daftari hukiarifu kituo, nacho hutuma papo hapo. Huenda hii ndiyo skripti ya badiliko la mtandao iliyowahudumia watu wengi zaidi duniani. Mradi wa majaribio wa SMS for Life, uliofanyika kati ya mwaka 2009 na 2010 katika wilaya tatu, mojawapo ikiwa Kigoma Vijijini, jirani ya Kasulu, uliegemea ujumbe huohuo: mfumo uliwauliza wahudumu wa vituo vya afya kila wiki idadi ya dawa za malaria zilizobaki, nao wakajibu kwa simu zao. Katika Kigoma Vijijini sehemu ya vituo vilivyokosa angalau dawa moja ilishuka kutoka asilimia 93 hadi 47.

Ofisi zenye kompyuta zilipopata intaneti ya setilaiti kwa sahani ya juu ya paa, lilizuka tatizo ambalo ip-up haikulitarajia. Mvua za nyanda hizi huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na matone mazito hufyonza mawimbi ya setilaiti, hasa yale ya masafa ya juu; waya kati ya kompyuta na kifaa cha sahani hubaki mzima, taa zikiwaka, ilhali hakuna kinachofika angani. Kompyuta inayotazama waya peke yake huamini kwamba mtandao upo. NetworkManager, programu iliyoanzishwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2004 na ambayo leo husimamia mitandao katika kompyuta nyingi za Linux, hutenganisha mambo mawili: uzima wa waya na kufikika kwa mtandao wenyewe. Skripti huwekwa katika folda iitwayo dispatcher.d, na programu huziendesha kwa mpangilio wa majina yake, ikizipa jina la kiungo na tukio lililotokea. Na pamoja na matukio ya kupanda na kushuka, lipo lile la kubadilika kwa ufikivu, linalotokana na kujaribu kuifikia anwani ya mbali iliyowekwa. Kwa seva ya shule au zahanati ya Kibondo, tukio hili la mwisho ndilo lenye maana. Programu hiyo pia huzikataa skripti ambazo si mali ya msimamizi mkuu au zinazoweza kuandikwa na mtu yeyote, tahadhari ya busara kwa faili linalojiendesha bila kushuhudiwa.

Umeme nao ulikuwa na sehemu yake, kwa kuwa wilaya hizi ziliishi kwa majenereta ya dizeli hadi mkoa ulipoanza kupokea umeme wa gridi ya taifa mwaka 2022, na katika miaka hiyo yote kurudi kwa umeme ndiko mara nyingi kulikorudisha mtandao. Gridi imepunguza matukio hayo; haikuugusa mpaka. Katika vijiji vinavyopakana na Burundi, simu au modemu inaweza kuliacha wimbi la Tanzania na kushika la jirani bila mtandao kuonekana umekatika hata kidogo. Kampuni ya simu ya Celtel ilijaribu mwaka 2006 kufuta gharama za kuvuka mpaka kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, lakini Burundi haikuwamo. Skripti inayotuma data nzito kila mtandao unapopanda inaweza, katika mazingira hayo, kumaliza salio la ofisi kwa bei ya ugenini. Kwa sababu hiyo msimamizi mwangalifu huongeza sharti la kusoma kwanza jina la kampuni iliyoshikwa, au huutia mtandao wa simu alama ya kulipiwa kwa kipimo, ili mafaili makubwa yabaki kwenye foleni hadi njia isiyo na kipimo ipatikane.