Semina Ilianzia kwa Mwalimu

Mwalimu wa Tanzania akimwambia mwenzake "nimeitwa semina", haulizwi ni semina ya nini. Anaulizwa ni ya siku ngapi, na posho wanatoa kiasi gani. Simlaumu anayeuliza. Nimefundisha historia sekondari miaka kumi na moja, na semina nazijua kwa harufu ya kalamu za bango kitita: ukumbi wa kukodi, daftari la mahudhurio linalosainiwa asubuhi na tena mchana, mwezeshaji anayetuhesabu moja hadi tano ili tupate vikundi, kisha kila kikundi kinarudi na karatasi ya manila yenye mambo yale yale tuliyoyaandika mwaka juzi. Safari moja, katika semina ya siku tatu kuhusu mbinu shirikishi, niliomba tusome pamoja angalau waraka mmoja wa kihistoria, tuone unafundishikaje. Mwezeshaji, kijana mpole kabisa, akanijibu: "Mwalimu, maudhui hayamo kwenye ratiba." Ratiba ile ninayo hadi leo.

Kiswahili kimelipokea neno hili mara mbili, kwa milango miwili. Seminari iliingia na mapadri. Semina ikaja baadaye na maofisa. Asili yao ni moja, neno la Kilatini seminarium, yaani kitalu, pale penye kivuli ambapo miche ya kahawa au ya mikarafuu hulelewa kabla ya kuhamishiwa shambani. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba majimbo ya Kanisa yawe na vitalu vya namna hiyo vya kuotesha mapadri. Kilichosahaulika ni kwamba neno hilo lilipotoka kanisani na kuingia chuo kikuu, mche wa kwanza kupandwa katika kitalu kipya ulikuwa mwalimu wa shule.

Mahali penyewe ni Göttingen, Ujerumani. Chuo kikuu cha mji huo kilizinduliwa rasmi mwaka 1737, na mwaka uliofuata Johann Matthias Gesner, profesa wa ufasaha aliyekuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, akaanzisha hapo semina ya lugha za kale. Shabaha yake ilikuwa kuwaandaa walimu wa shule za Hanover. Wakati huo kufundisha shule kulikuwa kituo cha kungojea basi: kijana aliyesoma theolojia alishika chaki mpaka parokia ipatikane, akaondoka bila kuaga. Ndani ya semina ya Gesner mwanafunzi hakukaa kusikiliza mhadhara tu. Alipewa aya ya Kigiriki au Kilatini, akaifafanua mbele ya wenzake, wakamkosoa, akajitetea. Friedrich August Wolf alilipeleka jambo hilo mbali zaidi pale Halle, alikofungua semina yake mwaka 1787. Wolf alitaka mwalimu awe msomi kwa haki yake mwenyewe, asiyekodolea macho mimbari ya mtu mwingine.

Prussia ikaliwekea sheria. Tangu mwaka 1810 aliyetaka kufundisha katika shule za sekondari za aina ya gymnasium ilimbidi afaulu mtihani wa serikali katika masomo yenyewe. Baadaye kukazuka desturi ambayo kila nikiifikiria naona wivu: shule ilitoa taarifa yake ya mwaka, na humo, pamoja na orodha ya wanafunzi na ratiba za vipindi, mmoja wa walimu alichapisha makala ya kitaalamu. Mwalimu wa Kigiriki aliandika juu ya Sophocles, mwalimu wa sayansi juu ya mimea ya wilaya yake. Nyingi hazikusomwa na mtu, nadhani. Lakini katika taarifa ya mwaka 1848/49 ya shule ya Braunsberg, mji mdogo wa Prussia Mashariki, mwalimu mmoja wa hisabati alichapisha makala juu ya intigrali za Abel. Jina lake Karl Weierstrass. Shuleni alikofundisha kabla ya hapo alipewa hata vipindi vya mwandiko na vya mazoezi ya viungo. Miaka michache baadaye wanahisabati wa Ulaya walimgundua, Chuo Kikuu cha Königsberg kikampa udaktari wa heshima mwaka 1854, na hatimaye akawa profesa Berlin. Hakupitia udaktari wa kawaida. Alipitia mtihani wa ualimu, akiwa amesoma Münster kwa Christoph Gudermann, ambaye katika somo moja la juu alibaki naye peke yake darasani.

Karne ya 19 ilipokuwa ikisonga, maprofesa wakajichukulia kitalu. Leopold von Ranke aliwakusanya Berlin vijana wa kusoma nyaraka za kale, na waliotoka hapo walikuwa wanahistoria wa vyuo. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa Baltimore mwaka 1876, kikauhamishia Marekani mtindo huo wa Kijerumani. Tangu hapo semina ikawa shughuli ya wanaotafuta shahada ya udaktari, na mwalimu wa shule akaachiwa chuo cha ualimu, yaani mbinu: namna ya kuandaa somo, namna ya kusimama ubaoni.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa Uingereza, na waliougonga walikuwa wanawake. Mwaka 1867 Anne Clough, Josephine Butler na wenzao wa miji ya kaskazini, wengi wao walimu au watetezi wa walimu, walimwalika James Stuart wa Trinity College, Cambridge, kijana wa miaka 24. Walimwomba awahutubie juu ya sanaa ya kufundisha. Stuart akasema angependa zaidi kufundisha kitu fulani, wao wenyewe wajionee kufundisha kunavyokuwa, akachagua historia ya elimu ya nyota. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi uliofanywa kwa haraka zaidi na kuzaa zaidi katika historia yote ya mafunzo ya walimu kazini.

Alizunguka Leeds, Liverpool, Manchester na Sheffield, mhadhara mmoja kwa juma katika kila mji. Ikatokea tatizo la adabu: haikuonekana vema kijana wa kiume kuulizana maswali ya ana kwa ana na mabinti ukumbini. Basi akachapisha maswali, akayagawa, majibu yaandikwe nyumbani na kutumwa kwake kwa posta. Alitarajia kama majibu 30. Yalimjia kama 300, naye akayasahihisha. Hivyo mazoezi ya maandishi yalizaliwa na haya ya Kiingereza, nayo yakadumu haya yenyewe ilipokwisha. Jambo la pili lilimjia Rochdale, kwa wafanyakazi wa chama cha ushirika. Alimwomba mtunza ukumbi aiache michoro yake ukutani mpaka juma linalofuata, maana kuibandua na kuibandika upya ni kazi. Aliporudi akaambiwa watu walikuwa wakija kuitazama na kubishana juu yake, na wana maswali tele. Toka siku hiyo akaweka saa ya majadiliano kando ya mhadhara. Mwaka 1873 Cambridge ikaufanya mpango wake kuwa kazi rasmi ya chuo.

Kwetu mambo yalikuja kwa haraka ya uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Historia ilikuja pamoja na kitivo cha sanaa, mwaka ambao chuo kilihamia Mlimani, 1964. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini, alikuta tatizo ambalo wakuza mitaala wa leo wangelitambua mara moja. Serikali ilitaka watoto wafundishwe historia ya Afrika, ilhali walimu wao walisomeshwa safari za Vasco da Gama na Livingstone, wakatahiniwa kwa mitihani iliyotungwa Cambridge. Mwalimu angefundisha nini Jumatatu asubuhi? Vitabu vyenyewe havikuwapo. Utafiti ulikuwa bado unafanywa.

Jibu la wanahistoria wa Mlimani lilikuwa kuanzisha, pamoja na walimu wa shule, Chama cha Historia cha Tanzania, na kutoa vijitabu. Cha kwanza, cha John Sutton juu ya pwani ya Afrika Mashariki, kilitoka Nairobi mwaka 1966. Cha pili kilikuwa cha Walter Rodney kuhusu Afrika Magharibi na biashara ya watumwa ya Atlantiki, na cha tatu cha Edward Alpers kuhusu biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki, vyote vya mwaka 1967. Cha nne, cha Gilbert Gwassa na John Iliffe, kilikusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, na humo mwalimu alipata maneno ya wahusika wenyewe. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri, kwa ajili ya chama hicho, kitabu kizima cha historia ya Tanzania. Viliandikwa kwa Kiingereza, na hapo nina kinyongo, maana mwalimu wa msingi aliachwa nje. Hata hivyo ni nadra kuona utafiti ukitoka mezani kwa mtafiti na kufika darasani wino ukiwa mbichi kiasi kile.

Muongo uliofuata ulikuwa wa namba. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote, walimu wakaandaliwa mbiombio, na neno semina likazidi kuwa la maelekezo kutoka juu. Ndipo tulipopata semina elekezi.

Wakati huohuo New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, watu walikuwa wakirudi kwa Gesner, hata kama hawakumtaja. Yale ni chuo tajiri ndani ya mji wenye umaskini mwingi, na shule za serikali zilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Mwaka 1970 idara ya historia ilianza kukaa na walimu wa mji, na mwaka 1978 ikazaliwa Yale-New Haven Teachers Institute chini ya James Vivian. Walimu, kupitia wawakilishi wao mashuleni, wanasema wanataka kusoma nini, profesa anaongoza, wanakutana miezi kadhaa, watu kumi na kitu mezani. Mwalimu anapewa haki za mwanachuo, maktaba ikiwemo, na mwisho anaandika mfululizo wa masomo kwa ajili ya wanafunzi wake mwenyewe: hoja, mbinu, vipindi vya mfano. Maandishi hayo huchapishwa kwa jina lake. Tangu mwaka 1990 taasisi ina mfuko wake wa kudumu, na mwishoni mwa muongo huo ulianza mpango wa kuupeleka mtindo huo Pittsburgh, Houston, Albuquerque na Santa Ana. Kasoro yake ni ile ile ya kitalu chochote: miche ni michache, na shamba ni kubwa.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikikuta kijitabu cha Alpers stoo, chini ya madaftari ya mahudhurio, jalada limeliwa na mchwa upande mmoja. Mwalimu fulani wa zamani, sijui nani, alikuwa amekipitia chote kwa penseli. Palipotajwa Kilwa alichora mshale hadi pembeni na kuandika, kwa mwandiko uliolala kidogo: "Hii sivyo nilivyofundishwa. Form III waulizwe kwanza wao wanajua nini." Kurasa mbili mbele yake kulikuwa na orodha ya majina manne, ya wanafunzi nadhani, na mbele ya jina la tatu alama ya kuuliza.